Geti la Mara ya Pili

Jumamosi mchana mkaguzi wa mashati wa kiwanda cha sare alikuwa amekaa kibarazani kwake akichambua maharage kwa vidole. Macho aliyaelekeza ukutani, kama mtu anayesikiliza redio, maana kuyatazama maharage hakukuwa na faida tena. Jiwe lina ubaridi wake na punje mbovu ina mikunjo yake, na vidole vilishajifunza kazi. Ndani ya nyumba ile kila mtu alijua kwamba mama haoni vizuri. Nje ya nyumba ile alijua mtu mmoja tu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika.

Binti yake akatoka chumbani, kompyuta ameikumbatia kifuani.

"Mama, nimefanya kosa."

"La pesa au la tumbo?"

"La mchezo."

Mkaguzi akacheka. "Mchezo haumtetemeshi mtu sauti hivyo. Kaa chini. Usiyakanyage maharage yangu."

Binti akakaa. Kutwa nzima alikuwa akitoa nakala za vyeti vya watu kwenye duka la kuchapa, na akirudi alijifungia na kompyuta yake kuukuu. Kulikuwa na mchezo mmoja wa zamani, wa ile aina ambayo mchezaji anavaa maisha ya mtu mwingine: anakuwa msafiri, anazungumza na watu njiani, anachagua aende wapi, amsaidie nani, amdanganye nani. Waliouunda walishausahau, lakini wapenzi wake hawakuusahau. Walitunga visa vyao wenyewe, wakavipachika ndani ya mchezo uleule na kupeana bure kwenye kundi lao la mtandaoni. Wenyewe waliviita modi. Binti alikuwa ametumia miaka miwili kutengeneza modi yake, na ilikuwa na wiki tatu tangu aitoe.

Mkaguzi aliyajua hayo yote kwa masikio, kwa sababu binti alikuwa na tabia ya kusimulia huku anakosha vyombo. Alijua hata maswali mawili ambayo watu wa kundi lile waliuliza kila modi mpya ilipotoka. La kwanza: masaa mangapi? La pili: inarudika? Yaani, ukishaimaliza, kuna sababu ya kuianza tena, au umeona vyote? Siku aliposikia swali hilo la pili mkaguzi alilipenda. Alisema nguo nayo ni hivyohivyo. Dukani kila nguo ni nzuri, mpaka uifue mara ya pili ndipo utaijua. Binti aliacha kukosha vyombo, akaenda kuandika.

"Nisomee hilo kosa," mkaguzi akasema.

Binti akasoma. Ujumbe ulitoka kwa mchezaji mmoja wa kundini aliyejiita Paka Mvivu.

"Dada, nimemaliza! Masaa tisa na dakika ishirini. Baba alikaa nami pale getini akacheka mpaka akakohoa. Anasema yule mama wa getini, anavyosugua nguo kwa dole gumba na kusema nguo haina uongo, mwenye uongo ni fundi, ni mkaguzi wao kabisa. Baba ni msimamizi kwenye kiwanda cha sare. Halafu yule kizee wa mwisho wa mchezo kasema tukirudi tena tutazame kola. Kesho Jumapili tunarudia wote wawili!"

Vidole vya mkaguzi vikasimama ndani ya maharage. Msimamizi huyo alikuwa bosi wake.

"Maneno yangu umeyaweka humo?"

"Nimeyaweka."

"Na kola?"

Binti akaifunga kompyuta.

"Nakuuliza, mwanangu. Na kola umeiweka?"

"Iko mara ya pili tu," binti akasema, machozi yameshaanza. "Mara ya kwanza huwezi kuiona. Mara ya kwanza unaonyesha vazi lako, yule mama analigusa, anakupitisha. Lakini ukirudia, ukamsikiliza yule anayekunja mavazi, unagundua kwamba mama wa getini haoni. Anajua rangi kwa jinsi kola ilivyokunjwa. Ukiigeuza kola, unapita na vazi la rangi yoyote."

Mkaguzi akasogeza ungo pembeni taratibu.

Kule kiwandani alikaa kwenye meza ya ukaguzi wa mwisho. Mashati ya sare yalipigwa pasi, yakakunjwa, yakaja mbele yake. Ya buluu iliyokoza yaliingia kwenye boksi la kushoto, meusi kwenye boksi la kulia, na yenye kasoro yalirudi kwa mafundi. Mtoto wa jicho alipoanza kumfunika, kasoro ziliendelea kumnyenyekea, maana mshono uliolegea unashikika. Rangi haishikiki. Buluu na nyeusi zikawa kitu kimoja. Mpiga pasi, shoga yake wa miaka kumi na minne, ndiye aliyebuni njia, tena bila kuombwa: kola juu ni buluu, kola chini ni nyeusi. Hakuna shati hata moja lililokosea boksi tangu siku hiyo. Na ilibaki miezi minane tu astaafu, achukue kiinua mgongo chake, akafanyiwe operesheni ya macho kama watu. Akiondolewa kabla ya hapo kwa sababu ya ugonjwa, angepata mshahara wa miezi miwili na barua ya shukrani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka kuwe na kitu cha kurudia." Binti alikuwa akijifuta kwa mkono wa blauzi. "Kila mtu anaulizia hilo. Na mimi sikuwa na siri nyingine nzuri kama hiyo."

Mkaguzi alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia, akaishia kuuvuta ungo na kuendelea kuchambua.

*

Jumapili asubuhi binti alikuwa ameshamwandikia Paka Mvivu ujumbe wa saba. Modi ina kasoro, aifute, anamtumia mpya. Ujumbe haukuwa umesomwa. Ile modi mpya alikuwa ameishona usiku kucha. Humo geti lilikuwa na askari mwanamume mwenye macho mazima na wala hakusugua nguo ya mtu.

Mzee, dereva mstaafu, mume wa mkaguzi, aliyasikia yote kwenye meza ya chai. Alikuwa mtu wa kunywa chai kwa kelele, na siku hiyo alikunywa kimya.

"Sasa nyie mnataka kufanya nini?" akauliza.

"Nataka nimwendee bosi leo nyumbani kwake," mkaguzi akasema. "Nimweleze kabla hajafika huko kwenye kola."

"Mama watoto, nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Nilipoona askari amesinzia kwenye kizuizi, sikumpigia honi nimwonyeshe leseni. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe."

"Huyu hajalala, baba watoto. Ameahidi kurudia."

"Ameahidi mtoto. Mtoto anaahidi hata kufua."

Mkaguzi akamgeukia binti. "Masaa tisa, siyo?"

"Tisa kwa mara ya kwanza. Mara ya pili mtu anaruka mazungumzo, anaijua njia. Nne, au tano."

"Na geti liko wapi?"

"Katikati. Ukirudia, kama masaa mawili na nusu hivi."

"Wakianza saa tatu?"

"Saa tano na nusu wako getini."

Siku ile ikaenda kwa saa ya watu wengine. Mkaguzi alifagia, akafua, akakunja, na kila baada ya muda aliita kuelekea chumbani, "Sasa wako wapi?" na binti akajibu, "Wanavuka mto," au, "Wako sokoni, wanatafuta nguo ya baridi." Mzee akanung'unika kwamba nyumba imekuwa ofisi ya mabasi. Hata hivyo saa tano ilipopita, yeye mwenyewe aliinuka kuzima redio, akarudi kukaa.

"Sasa?" mkaguzi akauliza.

"Sasa wamefika," binti akasema kutoka mlangoni. "Kama walianza saa tatu, wako mbele ya geti."

Mkaguzi alimwona msimamizi vizuri kuliko alivyokuwa akimwona kiwandani: sebuleni kwake, amevaa kandambili, ameinamia kioo cha kompyuta, mtoto wake akimwambia, geuza kola, baba, uone. Akaona jinsi kicheko kinavyomkauka usoni. Bosi yule hakuwa mjinga. Kutoka kola ya mchezo hadi kola ya mezani kwake palikuwa na hatua moja tu.

"Umesomwa?" akauliza.

"Bado."

*

Alasiri akaenda kwa mpiga pasi. Hakumwambia mtu. Ilikuwa mitaa mitatu tu, na njia aliijua kwa miguu.

Mpiga pasi alikuwa uani na nguo za watoto wake wanne, nyuzi mbili zimejaa. Akamkaribisha kwa furaha, akamletea kigoda, akamuuliza habari za mzee. Mkaguzi akamweleza yote bila kuzunguka. Kadiri alivyoeleza, ndivyo shoga yake alivyozidi kutundika nguo kwa haraka.

"Na mimi nimo?" mpiga pasi akauliza mwishoni.

"Umo wapi?"

"Kwenye huo mchezo. Yule anayekunja. Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Mwembamba? Ana jino la dhahabu?"

Mkaguzi hakujua. Hakuwahi kumuuliza binti yake mambo ya meno. Ukimya wake ukamjibu mwenzake vibaya.

"Shogaangu, mimi nilikukunjia kola kwa huruma," mpiga pasi akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini na kali. "Sikukukunjia ili nikachezwe. Wewe unastaafu. Mimi nina hawa wanne, na wa mwisho hajaanza hata shule."

"Sitakutaja."

"Hutanitaja, lakini kola itanitaja. Nani mwingine anashika pasi pale?" Akabana kibanio cha mwisho. "Kesho mimi nakunja kola zote chini. Zote. Mtu akiuliza, ndivyo ninavyokunja siku zote."

"Na mimi nitajuaje?"

"Utajua mwenyewe. Nisamehe, lakini utajua mwenyewe."

Mkaguzi akaaga. Mlangoni alikosea ngazi, akajishika kwenye fremu, na mpiga pasi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwambia "ngazi hiyo" kabla hajafika, safari hii hakusema neno. Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya uani.

*

Jumatatu ujumbe ulikuwa haujasomwa bado. Binti alimsindikiza mama yake mpaka kona, simu mkononi, akamwambia atapiga mara tu alama ya ujumbe itakapogeuka. Mkaguzi akamkumbusha kwamba simu zinaachwa kwa mlinzi.

"Basi usiseme kitu, mama. Kaa tu kimya. Wakikuuliza, hujui."

"Nimekusikia."

Rundo la kwanza lilifika mezani saa mbili kasoro. Mkaguzi akapitisha kiganja juu ya kola. Chini. Iliyofuata, chini. Ishirini zote chini. Mpiga pasi alikuwa hatua nne kutoka kwake, pasi ikipumua mvuke, na hakuinua uso.

Akajaribu kujua mwenyewe, kama alivyoambiwa. Kitambaa cheusi huwa kikavu kidogo, kwa sababu ya rangi nyingi. Alikisugua kwa dole gumba, akakinusa, akakipeleka upande wa dirisha. Kushoto. Kulia. Kulia. Hapana, kushoto. Kwa kawaida alimaliza rundo kwa dakika kumi na tano. Hadi saa tatu na nusu alikuwa amemaliza marundo mawili, jasho limelowesha kitambaa chake cha kichwa, na marundo mengine sita yalikuwa yamepangana pembeni yake. Wasichana wa kushona vifungo, kumi na wawili kwenye mstari wa mbele yake, walianza kugeuka kumtazama. Mmoja akauliza kama mama anaumwa. Akajibu ni mafua.

Saa nne akasikia viatu vya msimamizi.

Alivijua viatu vile. Vya soli ngumu, hatua fupi, mtu wa haraka. Vikaja moja kwa moja mezani kwake vikasimama.

"Mama, leo kuna nini? Mashati yamelala."

"Yanakwenda, bosi."

"Yanakwenda wapi? Sioni kwenda hapa." Hakusema kwa ubaya. Akanyoosha mkono, akachukua shati la juu kwenye rundo, akalikunjua. Mkaguzi aliona giza likiinuka, giza likigeuzwa, giza likikunjwa tena. Msimamizi akalirudisha mezani. Mkaguzi akagusa kola bila kutaka kuigusa, na kola ilikuwa juu.

"Haya," msimamizi akasema. "Hebu niambie hii."

Basi ndiyo hii. Geti lenyewe, kola imeshageuzwa. Angeweza kusema buluu. Angeweza kusema nyeusi. Nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu, na miaka ishirini na sita ya kazi imekaa juu ya sarafu hiyo. Akafikiria maneno ya mume wake, akafikiria maneno ya binti yake. Lakini kukaa mbele ya mtu anayekucheka moyoni, akikusubiri ukosee, hilo hakuliweza. Bora aanguke kwa mdomo wake mwenyewe.

"Bosi, usinizungushe," akasema. "Najua jana umerudia."

"Nimerudia nini?"

"Sioni. Buluu na nyeusi kwangu ni moja, mwaka wa pili sasa. Ulitaka kulisikia, umelisikia. Usinifanyie mtihani mbele ya watoto hawa."

Cherehani zilikuwa zikiendelea kwenye mistari ya nyuma. Ule mstari wa vifungo ndio ulionyamaza.

Msimamizi akalichukua lile shati tena, akashika mkono wa mkaguzi, akaupeleka kifuani pa shati, kwenye tundu la tatu. Kifungo kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Mama," akasema polepole, "mimi nilikuwa nakuuliza kifungo."

Kidole cha mkaguzi kikabaki pale, juu ya kifungo. Kilikuwa kinazunguka, kulia na kushoto, kama jino la mtoto. Kasoro ambayo angeijua amelala.

"Mwaka wa pili?" msimamizi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu mizigo iliyokwishaondoka. "Na yote yaliyotoka hapa?"

"Kuna lililorudishwa hata moja?"

"Halijarudishwa. Ndiyo nakuuliza, kwa nini halijarudishwa? Nani alikuwa macho yako?"

Hatua nne pembeni, pasi ikaacha kupumua.

"Vidole vyangu," mkaguzi akasema.

"Vidole havioni rangi."

"Vya kwangu vilikuwa vinaona."

Msimamizi akavuta pumzi. Alikuwa na aibu, na aibu ikamfanya awe mkali. "Ungeniita pembeni, mama. Ungekuja ofisini, ukafunga mlango, tukaongea kama watu wazima. Ningekuhamishia kwenye kuhesabu, ningefanya kitu. Sasa umesema mbele ya watu kumi na wawili. Leo nisipoandika, kesho nitaandikwa mimi." Akaweka shati chini. "Chukua vitu vyako. Hadi Ijumaa niletee karatasi ya daktari wa macho. Ofisi itaamua."

Wote wawili walijua karatasi ya daktari wa macho ingesema nini.

Akakusanya vitu vyake: mkasi mdogo, chupa ya maji, mto wa kukalia alioushona mwenyewe. Wasichana wa vifungo walishika vifungo vyao kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana kiwandani pale. Alipofika kwenye msumari wa kutundikia nguo, akapapasa, akalikosa sweta lake. Mtu akalishusha, akamwekea mikononi. Lilikuwa limekunjwa vizuri, lina joto la pasi, na kola yake imesimamishwa juu. Sweta lile lilikuwa la buluu.

Mpiga pasi akarudi kwenye pasi yake, na mkaguzi hakumshukuru. Alitoka nalo vilevile, bila kulikunjua.

*

Nyumbani alimkuta binti kibarazani, amerudi kutoka kazini kabla ya wakati, simu ameishika kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umejaa furaha. Hata mkaguzi, kwa macho yake yale, aliweza kuiona.

"Mama! Amesoma! Saa nne na robo amesoma! Nimepiga simu kwa mlinzi akakataa kukuita!" Akasoma kwa haraka, maneno yakipandana. "Anasema, dada samahani, simu ilikuwa kwa fundi. Jana hatukurudia. Baba alisema masaa tisa ya kwanza yamemtosha maisha yake yote, akalala kwenye kiti. Mimi nimeshaifuta nipate nafasi ya picha. Ni nzuri lakini ni ndefu mno. Umesikia, mama? Wameifuta! Hakuna aliyerudia!"

Ndipo akauona mto wa kukalia.

"Mama, mbona umerudi mapema?"

Mkaguzi akakaa kwenye kigoda, akaliweka sweta mapajani, akaeleza. Alieleza kwa ufupi, kuanzia kola hadi kifungo, na hakumtaja mpiga pasi hata hapo. Mzee alikuja akasimama mlangoni katikati ya maelezo. Mwishoni akafungua mdomo. Mkaguzi akasubiri ile methali ya aliyelala, alijua inakuja, na alijua ni haki yake kuisema. Mzee akaufunga mdomo wake, akaenda jikoni, na wakamsikia akiwasha jiko, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu walipooana.

Binti alikuwa amekaa chini sakafuni. "Naifuta," akasema. "Naifuta yote. Miaka miwili, naifuta sasa hivi."

"Usiifute."

"Mama, imekula kazi yako."

"Umeila wewe kwa kuandika, na mimi kwa kusema. Tumegawana. Ilete kompyuta hapa." Akapiga kigoda cha pembeni. "Watu wangapi wameimaliza?"

"Arobaini na mmoja."

"Na waliorudia?"

Binti akavuta makamasi. "Hakuna."

"Hata mmoja? Na nyumba nzima tulikaa jana tunamngoja aliyeko getini!" Mkaguzi akacheka, kicheko kifupi kilichotoka vibaya, na akalia kidogo pale pale mbele ya mwanawe bila kujificha. Kisha akajifuta kwa kiganja.

"Nisomee," akasema. "Nataka kufika getini."

"Ni masaa, mama."

"Muda ninao."

Wakacheza. Binti alisoma, mama alichagua. Aliuvuka mto, akanunua nguo ya baridi sokoni kwa kubishana bei mpaka binti akamwambia mchezo haupunguzi bei. Chai ikaja, ina sukari nyingi mno, wakainywa. Giza lilipoanza kuingia kibarazani wakafika getini, na mama wa getini akanyoosha mkono aguse vazi.

"Sasa unachagua," binti akasema, sauti imeshuka. "Unaweza kumwonyesha vazi kama lilivyo. Au unaweza kugeuza kola."

"Njia nyingine?"

"Hakuna nyingine. Nimeandika hizo mbili."

"Basi andika ya tatu."

Binti akavuta kibodi karibu, akafuta macho, akasubiri. Mkaguzi alikuwa amelishika sweta, vidole vikipita kwenye kola iliyosimama.

"Andika hivi," akasema. "Msafiri anamuuliza yule mama habari ya kifungo. Na yule mama anamjibu habari ya kifungo."